Data za mikataba ya mazingira: uziweke Zenodo, Harvard Dataverse, GitHub au hazina ya chuo chako?

Umemaliza kukusanya. Jedwali lako lina mikataba ya mazingira ya Bahari ya Hindi Magharibi na Maziwa Makuu: nchi gani ilitia saini lini, iliridhia lini, imeripoti nini. Sasa jarida linataka data ziwe wazi kabla ya kuchapisha makala, au msimamizi wako anauliza wenzako watazipata wapi. Hapo ndipo wengi hukwama, na wengi huishia kuandika "data zinapatikana kwa kuomba kwa mwandishi", jambo ambalo baada ya miaka mitano huwa na maana kwamba hazipatikani.

Nalinganisha sehemu nne ambazo mtafiti wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura anaweza kuzitumia bila kulipa kitu. Dryad nimeiacha kwa sababu hutoza ada ya kupakia, na Figshare nimeiacha kwa sababu kwa kazi ya ukubwa huu haitofautiani sana na Zenodo.

Kwanza, ijue data yenyewe

Kipimo cha joto la maji kilichochukuliwa jana hakibadiliki kesho. Orodha ya nchi zilizoridhia mkataba hubadilika kila serikali inapowasilisha hati yake, na hata yale yaliyokwisha kutokea yanaweza kuandikwa kwa njia zaidi ya moja bila mtu kukosea.

Chukua mstari mmoja tu, Tanzania na CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika duniani tarehe 1 Julai 1975. Tanzania iliuridhia tarehe 29 Novemba 1979, na kwa kuwa mwanachama mpya huanza kufungwa na mkataba huo siku 90 baada ya kuwasilisha hati, kwetu ulianza kutumika tarehe 27 Februari 1980. Safu uliyoiita "mwaka wa kujiunga" itakuwa 1979 kwako na 1980 kwa mwenzako, na nyote wawili mko sahihi. Msomaji atakayeunganisha majedwali yenu ndiye atakayeumia.

Ongeza majina ya nchi. Zaire ilirudi kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, na msimbo wake wa ISO ukatoka ZAR ukawa COD, lakini katika mfumo wa Correlates of War unaotumiwa na wanasayansi wa siasa imebaki 490. Ongeza na uanachama usioutarajia: Mkataba wa Nairobi wa 1985, unaohusu mazingira ya bahari na pwani ya ukanda wetu, una Ufaransa miongoni mwa wanachama wake kwa sababu ya kisiwa cha Réunion. Mtu akichuja jedwali kwa kuchagua "Afrika", mwanachama huyo anatoweka bila kelele.

Kisha kuna suala la chanzo. Hati za kuridhia hazikai mahali pamoja. Za CITES huwasilishwa kwa serikali ya Uswisi, za Ramsar, mkataba wa ardhioevu, kwa UNESCO, za Mkataba wa Nairobi kwa serikali ya Kenya, za Makubaliano ya Paris kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Jedwali lisilo na safu ya chanzo kwa kila tarehe haliwezi kukaguliwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo unachochagua si ghala peke yake. Unachagua namna data itakavyosahihishwa, na namna msomaji atakavyojua kwamba anasoma toleo la mwaka gani. Na kabla ya kupakia chochote, hakikisha hurudii kazi iliyokwisha kufanywa. Mradi wa hifadhidata ya makubaliano ya kimataifa ya mazingira wa Ronald Mitchell, Chuo Kikuu cha Oregon, unaoendelea tangu 2002, umeorodhesha zaidi ya makubaliano 1,300 ya pande nyingi na zaidi ya 2,200 ya nchi mbilimbili. ECOLEX, inayoendeshwa kwa pamoja na FAO, IUCN na UNEP, ina matini za mikataba na sheria. Data yako itakuwa na thamani zaidi ikitumia namba zao za utambulisho wa mikataba pembeni ya zako.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vitano, vilevile kwa kila sehemu. Gharama na ukubwa. Kunukuliwa na matoleo, yaani kama data hupata namba ya kudumu ya DOI na nini hutokea ukibadilisha kitu. Masahihisho, maana yake mtu akiona kosa afanye nini. Leseni na usiri. Mwisho uhai, yaani nani anaahidi kuitunza na kwa muda gani. Mtandao wa kasi na urahisi wa kufungua akaunti sijavifanya vigezo, kwa sababu faili la mikataba ni dogo na kote unajisajili kwa dakika chache.

Zenodo

*Gharama na ukubwa.* Bure. Kila rekodi inaruhusu GB 50, kiasi ambacho jedwali la mikataba halitakifikia hata ukiweka nakala za PDF za kila mkataba.

*Kunukuliwa na matoleo.* Hapa ndipo Zenodo inapong'ara. Kila toleo hupata DOI yake, na juu yake kuna DOI moja ya jumla inayoelekeza siku zote kwenye toleo jipya kabisa. Kwa data inayoongezeka kila mwaka hili ni jambo kubwa: makala ya 2024 inanukuu toleo la 2024, na anayetaka data ya leo anafuata namba ya jumla. Unaweza pia kuomba DOI ihifadhiwe kabla hujachapisha, ukaiandika ndani ya makala yenyewe inapokwenda kwa mhariri.

*Masahihisho.* Faili likishachapishwa kwa kawaida halibadilishwi. Unatoa toleo jipya. Maelezo ya rekodi yanaweza kuhaririwa. Msomaji aliyeona kosa hana mlango rasmi wa kulijadili hapo hapo, itabidi akuandikie. Basi weka anwani ya barua pepe itakayodumu, si ile ya mradi inayofungwa fedha za ufadhili zikiisha.

*Leseni na usiri.* Unachagua mwenyewe leseni. Unaweza kufunga mafaili kwa muda maalumu au kuyaacha ya kuombwa. Ila hakuna mtu anayekagua ubora wa unachopakia: jedwali lisilo na maelezo litapita sawasawa na lililopangwa vizuri, na DOI litapewa.

*Uhai.* Imeendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, tangu 2013, na data hukaa kwenye mitambo ileile ya CERN. Hilo ni tegemeo zito kuliko kampuni yoyote.

*Inamfaa nani.* Mtafiti mmoja au kikundi kidogo chenye data inayotolewa upya kila baada ya muda, na yeyote ambaye hayuko chini ya jarida lenye hazina yake.

Harvard Dataverse

*Gharama na ukubwa.* Bure kwa watafiti wa nchi yoyote. Si lazima uwe wa Harvard. Faili moja lisizidi GB 2.5, na jumla yako TB 1.

*Kunukuliwa na matoleo.* DOI ni moja kwa seti nzima, na matoleo hupewa namba: badiliko dogo la maelezo hutoa 1.1, badiliko la faili hutoa 2.0. Maandishi ya kunukuu hutengenezwa yenyewe pamoja na namba ya toleo. Wengine hupenda hivi kuliko mtindo wa Zenodo kwa kuwa nukuu zote huhesabiwa kwenye namba moja. Hatari yake ni kwamba mwandishi mzembe akiacha kuandika "V2", msomaji hajui alitumia ipi.

*Masahihisho.* Kuna kitufe cha kuwasiliana na mwenye data bila anwani yako kuonekana, na ukurasa wa matoleo unaonyesha kilichobadilika kati ya toleo na toleo. Ni bora kuliko Zenodo kwa hili, ingawa mazungumzo yenyewe hayaonekani hadharani.

*Leseni na usiri.* Leseni inayojiweka yenyewe ni CC0, yaani umeachia haki zote. Kama unataka kutajwa kisheria, ibadilishe kuwa CC BY kabla ya kuchapisha. Mafaili yanaweza kufungwa na kufunguliwa kwa ombi, na unaweza kuweka daftari la wageni ili kila anayepakua aeleze anaitumia kwa kazi gani. Kwa mtafiti anayetakiwa kumwonyesha mfadhili kwamba data inatumika, daftari hilo ni ushahidi.

Kuna mambo mawili ambayo sijayaona yakifanywa vizuri hivi kwingine. La kwanza, ukipakia faili la programu za takwimu Stata, SPSS au R, la CSV (maandishi matupu yenye safu zilizotenganishwa kwa koma) au la Excel, mfumo hulisoma safu kwa safu, huonyesha muhtasari wa kila kigeu, na humwezesha msomaji kupakua kwa muundo anaoutaka huku faili lako la asili likibaki. Angalia tu tarehe zako. Tarehe kama 03/05/1992 inaweza kusomwa Machi au Mei kulingana na mpangilio wa kompyuta, kwa hiyo ziandike 1992-05-03 kabla ya kupakia, kokote unakopakia. La pili ni kiungo cha siri kisichoonyesha jina la mwandishi, unachompa mhariri ili wahakiki waione data bila kujua ni ya nani.

*Uhai.* Programu ya Dataverse ilianza kujengwa Harvard mwaka 2006 na leo inatumika na taasisi nyingi duniani, ikiwemo CIFOR-ICRAF, ambayo moja ya makao yake makuu yako Nairobi. Hata kama hutumii ile ya Harvard, ujuzi wa kuitumia utakufaa.

*Inamfaa nani.* Mwanasayansi wa jamii anayelenga majarida ya siasa na uhusiano wa kimataifa. American Journal of Political Science, kwa mfano, huweka huko data za makala zake. Pia inamfaa mwenye majedwali ya takwimu anayetaka wasomaji wayachungulie kabla ya kupakua.

GitHub

*Gharama na ukubwa.* Ni mtandao wa kuhifadhi na kujenga msimbo wa kompyuta kwa pamoja, na ni bure. Faili linalozidi MB 100 hukataliwa, na kwa jedwali la mikataba hilo si kikwazo. PDF nyingi usiziweke huku.

*Kunukuliwa na matoleo.* Haitoi DOI. Lakini kila badiliko, hata la tarehe moja, hurekodiwa na jina la aliyelifanya, siku na sababu. Ukiweka data kwa CSV, msomaji anaona mstari wa zamani na mpya kwa rangi mbili, mmoja juu ya mwingine. Kwa data ambayo ubishi wake ni "kwa nini umeandika 1980 badala ya 1979", sijui chombo kinachojibu vizuri zaidi. DOI unaipata kwa kuiunganisha na Zenodo: kila unapotangaza toleo rasmi GitHub, Zenodo huchukua nakala na kuipa namba.

*Masahihisho.* Hapa haina mpinzani. Mtu wa Antananarivo akigundua kwamba umekosea tarehe ya Madagaska, anafungua hoja hadharani, anaweka kiungo cha hati, na hata anapendekeza marekebisho yenyewe. Wewe unakagua na kukubali au kukataa, na majadiliano yanabaki yakisomeka. Mradi wa PANARCHIC wa taasisi ya Graduate Institute, Geneva, umefanya kazi kwa namna hii: kifurushi chake cha R kiitwacho manyenviron kinaweka pamoja hifadhidata kadhaa za makubaliano ya mazingira, ili zilinganishwe badala ya mtafiti kuchagua moja na kuziamini tarehe zake kipofu. Kama unajenga data ya aina hii, kauchunguze kabla hujaandika mstari wako wa kwanza.

*Leseni na usiri.* Leseni ni juu yako, na wengi husahau kuiweka. Bila leseni, kuonekana si ruhusa ya kutumia. Na usiweke kamwe kitu cha siri humu ukidhani utakifuta baadaye, kwa sababu historia hubaki na faili la zamani.

*Uhai.* GitHub ni mali ya Microsoft tangu 2018. Mwenye akaunti anaweza kufuta kila kitu kwa kubofya mara chache, na hakuna ahadi ya kuhifadhi kwa ajili ya utafiti. Ni karakana nzuri, si makumbusho.

*Inamfaa nani.* Timu ya watu wa nchi mbalimbali wanaojenga pamoja na walio tayari kujifunza Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ambayo GitHub imejengwa juu yake. Kujifunza huko si kwa siku moja, na mwanasheria wa mazingira asiyewahi kuandika msimbo atahitaji mtu wa kumshika mkono. Timu ikiwa na mtu mmoja tu anayeielewa, huyo atakuwa karani wa wote na kazi itasimama akiugua.

Hazina ya chuo chako

*Gharama na ukubwa.* Bure kwa wanachuo na wahadhiri. Mipaka ya ukubwa hutofautiana.

*Kunukuliwa na matoleo.* Vyuo vingi vya ukanda wetu, Nairobi na Makerere vikiwemo, hutumia DSpace, programu iliyotolewa na MIT na kampuni ya HP mwaka 2002. Hutoa anwani ya kudumu ya aina ya Handle, mara nyingi bila DOI. Hazina hizi zimezoea tasnifu na makala za PDF; kutoa toleo la pili la jedwali mara nyingi humaanisha kumwandikia mkutubi aifanye kwa mkono.

*Masahihisho.* Yanapitia kwa mkutubi. Ni polepole, ila ni mtu unayeweza kumfuata ofisini.

*Leseni na usiri.* Hapa chuo kinashinda kwa aina moja muhimu ya data: mahojiano. Utawala wa mazingira hauishi kwenye tarehe tu. Wengi wetu tumezungumza na maofisa wa wizara na wajumbe wa mikutano ya kimataifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Na kufuta jina hakutoshi. Orodha za washiriki wa mikutano ya tabianchi huchapishwa, kwa hiyo ukiandika "mjumbe mwanamke wa Burundi aliyeshughulikia misitu", kila aliyekuwepo anamjua. Kamati ya maadili ya chuo na mkutubi wanaweza kukusaidia kuweka nakala zilizofungwa ndani ya nchi, chini ya kibali chako cha utafiti cha COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya).

*Uhai.* Chuo hakifi kirahisi, lakini seva zake hulala. Anwani hubadilika mfumo unapohamishwa, na mtu wa IT aliyeujua akiondoka, ukurasa unaweza kukaa wiki nyingi bila kufunguka. Muulize mkutubi maswali mawili kabla ya kuamua: nakala rudufu zinawekwa wapi, na mara ya mwisho walipohamisha mfumo, anwani za zamani ziliendelea kufanya kazi?

*Inamfaa nani.* Mwenye data nyeti, mwanafunzi ambaye chuo kinamtaka aweke huko, na yeyote anayetaka wanafunzi wa nyumbani wakute data katika katalogi wanayoitumia kila siku.

Kokote utakakoweka

Mambo matatu hayategemei uchaguzi wako. Mwongozo wa vigeu uandikwe kama faili la kwanza, ukieleza kila safu, kila msimbo, na uamuzi uliofanya penye utata. Ukiweza uandike kwa Kiingereza na Kiswahili, kwa maana ofisa wa halmashauri ya Kigoma anayesimamia utekelezaji wa Mkataba wa Ziwa Tanganyika wa 2003 ana haki ya kuisoma kama mwenzake wa Geneva. Weka CSV hata kama una Excel. Na usipakie matini kamili ya ripoti za wengine, mathalani taarifa za mikutano ya mazingira za Earth Negotiations Bulletin ambazo taasisi ya IISD imekuwa ikichapisha tangu 1992. Pakia usimbaji wako, yaani misimbo uliyoipa taarifa hizo, na kiungo.

Kwa hali yako

Kama ni tasnifu ya uzamili na data haitaguswa tena, weka nakala kwenye hazina ya chuo kwa sababu ya kanuni, na nyingine Zenodo kwa sababu ya DOI. Taja moja katika nyingine ili wasomaji wasidhani ni data mbili.

Kama makala inakwenda kwenye jarida la siasa za kimataifa lenye mapitio ya siri, soma masharti yake kwanza. Likiwa halina agizo maalumu, Dataverse na kile kiungo kisicho na jina vitakupunguzia usumbufu.

Kama mko watu wa Mombasa, Maputo na Moroni mnaosasisha uridhiaji wa Mkataba wa Nairobi na itifaki zake mwaka hadi mwaka, fanyeni kazi GitHub, mtoe toleo rasmi mara moja kwa mwaka, na liende Zenodo lenyewe. Chagueni mapema nani atashika akaunti mradi ukiisha.

Kama hakuna hata mmoja kwenye timu anayejua Git na hamna muda wa kujifunza, msijilazimishe. Jedwali moja, mtu mmoja mwenye ruhusa ya kulihariri, safu ya "nani alibadilisha na kwa nini", kisha Zenodo au Dataverse kila mnapofikia hatua inayoeleweka.

Na kama una majedwali pamoja na mahojiano, vitenganishe. Majedwali na mwongozo wa maswali viende hadharani vikiwa na DOI. Nakala za mahojiano zifungwe chuoni. Na katika rekodi ya wazi uandike ziko wapi, nani anatoa ruhusa, na kwa masharti gani.